Nyigu Wakihamia Upenuni, Usikimbilie Kiberiti

Kila ifikapo Desemba mabasi yaendayo Kagera hujaa wafanyakazi waliopata likizo. Hushuka njiani mmoja mmoja: wengine Nyakanazi, wengine Lusahunga ambako njia huachana, moja ikishika Biharamulo na nyingine ikielekea Ngara na daraja la Rusumo. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwao. Dada yangu ameolewa katika kijiji kimoja cha Ngara, mahali ambapo vilima vimepangana kama migongo ya ng'ombe na kila mteremko una migomba, kahawa na maharage. Niliwasili jioni, mvua ikinyesha. Baada ya kuwaamkia wazee nilielekezwa jikoni nikaote moto, kwani jiko la pale, kama ilivyo desturi, limejengwa peke yake nyuma ya nyumba kubwa na limeezekwa kwa nyasi.

Nilipoinama kuingia, mpwa wangu wa miaka minane alinivuta shati. “Mjomba, inamisha kichwa zaidi. Juu yako wapo wenyewe.”

Nilitazama juu. Upenuni, shibiri mbili tu kutoka kizingiti cha mlango, kilining'inia kitu cha rangi ya kijivu kinachofanana na sahani iliyopinduliwa, chenye matundu mengi yaliyoangalia chini. Juu ya sahani hiyo walikaa nyigu wapatao thelathini, wekundu wa kahawia, wenye viuno virefu vyembamba kama uzi. Wachache waliinua mabawa na kugeuza nyuso zao kwangu. Baadaye nilijifunza kwamba kule kuinua mabawa ndiyo hodi ya mwisho ambayo nyigu humpigia mtu kabla ya kumwuma. Wakati ule sikujua lolote, ila miguu yangu ilijua. Nilirudi nyuma hatua tatu.

Shemeji yangu alicheka, akasema shauri lile lingemalizika kesho yake alfajiri. Alikwisha kuandaa ufito mrefu uliofungwa matambara nchani na chupa ya petroli aliyonunua kwa kijana wa pikipiki. Mama yake, ambaye kijiji kizima humwita Bibi, alikuwa akimenya ndizi kimya. Alipoisikia habari ya petroli aliweka kisu chini. Alimwuliza mwanawe kama alikwisha kusahau yaliyowapata majirani wa mteremko wa pili mwaka uliotangulia.

Shemeji hakujibu, kwani hakuna aliyekuwa amesahau. Katika nyumba ile nyigu walichomwa mchana wa jua kali. Cheche moja iliruka katika nyasi za paa. Nyigu nusu walikufa, na nusu waliosalia wakawafukuza watu waliokimbilia kuzima moto. Jiko liliteketea pamoja na magunia ya maharage yaliyowekwa darini yakaushwe kwa moshi, na nyumba kubwa iliponea chupuchupu kwa sababu ilikuwa ya bati. Palepale mtoto wa kiume aliyekuwa akisaidia kuchota maji aliumwa shingoni na usoni. Baada ya dakika chache midomo ilimvimba, sauti ikakauka, akaanza kuhema kwa mlio kama wa filimbi. Alipakiwa kwenye pikipiki, akafikishwa hospitali, akachomwa sindano, akapona. Mama yake hata leo akisikia mvumo wowote huita watoto wake na kuwahesabu.

Hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Katika nchi yetu, nyigu wakionekana nyumbani, wazo la kwanza la wengi ni kiberiti. Wazo la pili ni jiwe la mtoto. Yote mawili yameleta hasara kubwa kuliko wadudu wenyewe.

NI AKINA NANI HASA?

Kiswahili kimewapa wadudu hawa majina kadhaa, na watu huyatumia ovyo: nyigu, mavu, dondora. Tusigombanie majina, yatosha kuwatenga kwa tabia zao, maana tabia ndiyo impasayo mwenye nyumba kujua.

Wapo wanaoishi kwa ujamaa, na hao ndio waliokuwa juu ya mlango wetu. Nyumba yao ni ya karatasi, na hilo si neno la mfano. Jike huparuza nyuzi za mti mkavu, nguzo ya ua au mlango wa zamani usiopakwa rangi, huzitafuna na kuzichanganya na mate, kisha huzitandaza kwa taya katika vyumba vyenye pembe sita. Binadamu alihangaika karne nyingi kabla ya kupata ufundi wa kutengeneza karatasi kwa miti. Nyigu hakungoja kufundishwa. Sega lote hushikiliwa na kikonyo kimoja chembamba, na kikonyo hicho hupakwa majimaji yanayowafukuza siafu na sisimizi, ambao ndio adui mkubwa wa mabuu. Hapana kifuniko wala ukuta wa nje. Mtu akichutama chini yake huona mayai na mabuu katika vyumba vyao.

Mabuu hayo hulishwa nyama. Nyigu mkubwa hutoka bustanini akiwa amebeba kiwavi aliyetafunwa akawa tonge, akagawa tonge hilo chumba baada ya chumba. Yeye mwenyewe hunywa utamu wa maua na wa matunda yaliyoiva. Kwa hiyo huonekana zaidi nyakati za mvua, mimea inapochipua na viwavi kuwa tele. Ajabu ni kwamba sega huanzishwa na jike mmoja au wachache tu. Siku zile za mwanzo, linapokuwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa, mtoto anaweza kuliangusha kwa ufagio bila madhara. Mwezi mmoja au miwili baadaye ni kazi ya watu wazima.

Wa pili ni wapweke, wale wanaojenga kwa udongo. Jike mmoja hubeba matope donge kwa donge na kufinyanga vyumba kwenye ukuta wa chumba cha kulala, nyuma ya picha, au hata ndani ya mkunjo wa koti lililotundikwa muda mrefu. Katika kila chumba hujaza buibui, au viwavi kwa aina nyingine, ambao amewachoma wakapooza bila kufa. Hutaga yai moja, huziba mlango, huenda zake. Hana jeshi wala hana ngome ya kulinda. Hamwumi mtu mpaka ashikwe au akandamizwe na nguo. Nyumba za aina hii nilizihesabu saba katika chumba nilicholala, na usiku wa kwanza nilitaka kuzibomoa zote. Bibi alinizuia, akaniuliza kama buibui ningewala mimi.

Wa tatu si nyigu kabisa ila huchanganywa nao, yaani nyuki. Misitu ya Biharamulo ni nchi ya nyuki. Pori la Akiba la Biharamulo, ambalo tangu mwaka 2019 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, na misitu inayolizunguka, ina miti ya maua mengi, na kundi lililohama laweza kutua popote: kwenye shina la mwembe, katika tundu la ukuta, au chini ya dari ya shule. Nyuki wetu wa Afrika ni mkali. Wasomaji wa historia watakumbuka vita vya Tanga vya Novemba 1914, ambapo nyuki waliofadhaishwa na risasi waliwashambulia askari wa jeshi la Waingereza wakawatawanya, hata baadhi yao wakadhani kwamba Wajerumani walikuwa wamewategea makusudi.

Nyuki akiuma huacha mwiba mwilini, naye hufa. Nyigu huchomoa mwiba wake akauma tena na tena. Wote wawili wakikasirishwa au kusetwa hutoa harufu inayowaita wenzao. Hapa pana jambo ambalo mtu wa Kagera yafaa alijue: harufu hiyo kwa upande wa nyuki inafanana na ya ndizi mbivu, na sehemu yake kuu ni dawa ileile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Ndiyo maana wafuga nyuki hushauriwa wasile ndizi kabla ya kufungua mzinga. Kwa watu ambao ndizi ni chakula, kinywaji na mahari, sharti hilo si jepesi.

Kundi la nyuki likitua nyumbani, usilichome na usilimwagie sumu. Mwite mfuga nyuki. Atakuja jioni na mzinga mtupu, atalichukua, na huenda mwaka ujao akakuletea chupa ya asali. Nyigu hana asali, kwa hiyo hana mnunuzi. Na hilo ndilo linalofanya watu wamhukumu haraka.

SHAMBA LINAMDAI NINI?

Siku ya pili nilitembea na shemeji shambani. Kabichi zake zilikuwa safi kuliko za jirani. Sikuweza kuthibitisha kwamba sababu ni wale nyigu wa jikoni, wala yeye hakuweza, ila tulisimama pale karibu nusu saa tukawatazama wakipita jani kwa jani kama wakaguzi. Mmoja alimvuta kiwavi wa kijani kutoka katika moyo wa kabichi, akamkata vipande viwili, akaondoka na kipande cha kwanza. Baada ya muda alirudi kuchukua cha pili.

Jamii ya nyigu ni kubwa kuliko tunavyodhani, na walio wengi ni wadogo mno, hawana haja na binadamu, wala hatuwaoni. Mkuyu usingezaa mbegu bila wao, kwa maana kila aina ya mkuyu ina kijinyigu chake kinachoingia ndani ya tunda na kuchavusha maua yaliyofichwa humo. Viwavijeshi vamizi, ambao walithibitishwa kuingia Tanzania mwaka 2017 wakala mahindi ya wakulima wetu, wana adui zao miongoni mwa vijinyigu vya Afrika Mashariki vinavyotaga ndani ya mwili wa kiwavi au ndani ya mayai yake.

Lakini kisa kinachostahili kusimuliwa katika kila nyumba inayokula ugali wa muhogo ni hiki. Katika miaka ya 1970 aliingia Afrika, kupitia nchi za Kongo, mdudu mweupe kama unga afyonzaye muhogo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na huku hakuwa na adui. Alisambaa nchi baada ya nchi. Majani yalijikunja, mizizi ikadumaa, na mamilioni ya watu ambao muhogo ndio akiba yao ya njaa wakawa hatarini. Kupulizia sumu bara zima kusingewezekana, wala mkulima wa ekari moja asingeweza kuinunua. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Hans Rudolf Herren kutoka Uswisi, walirudi alikotoka mdudu yule kumtafuta adui yake wa asili. Walimpata Paraguay: kijinyigu kidogo kuliko punje ya mtama, ambacho hutaga yai ndani ya mdudu mweupe, na buu hula kutoka ndani. Mwaka 1981 vijinyigu vya kwanza viliachiliwa Nigeria. Vikaenea vyenyewe, vikasaidiwa pia kwa ndege, mpaka mashamba ya nchi nyingi, ya kwetu yakiwamo, yakapata nafuu. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mkulima wa Biharamulo anayeanika makopa yake leo hajawahi kumwona mdudu huyo aliyemlindia shamba, na pengine angemwona angemsaga kwa kidole.

Simweki nyigu wa jikoni kwetu katika cheo cha yule wa muhogo. Nasema tu kwamba kabla ya kuua, mtu ajiulize sega liko wapi. Likiwa juu ya mti nyuma ya shamba, au chini ya jani la mgomba usiopitiwa na watu, liachwe. Likiwa juu ya mlango, juu ya dirisha la wagonjwa na wazee, chooni, karibu na kisima au shuleni, liondolewe. Choo cha shimo kina hatari ya pekee: ni chembamba, chenye giza, na mtu aliyechutama si mtu wa kukimbia mbali. Tulicheka tulipozungumza hayo, ila Bibi alisema mwanamke mjamzito wa jirani alianguka mlangoni pa choo kwa kuwakimbia nyigu, na kicheko kikaisha.

USIKU WA KAZI

Kwa kuwa sega letu lilikuwa juu ya mlango wapitao watoto kumi na zaidi kwa siku, hukumu haikuwa ngumu. Swali lilikuwa namna. Petroli ilikataliwa. Mvuke wake huwaka kabla mtu hajaona moto, na paa la nyasi halingoji. Hata penye bati, kenchi na mapao ni ya mbao. Mijini tunayo namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ila kijijini, barabara ya matope katika mwezi wa mvua, gari hukuta majivu.

Shemeji alitoa shauri la pili: sumu ya kahawa, ambayo ilikuwa imebaki ndani ya bomba lake la kunyunyizia. Hilo nalo tulilikataa. Sumu ya shambani ikipulizwa upenuni mwa jiko hunyesha juu ya vyungu, kuni na unga, na mpulizaji mwenyewe huivuta akiwa ameinua uso. Hata bomba lililosafishwa kwa maji halifai kuingizwa jikoni.

Iliyobaki ni sabuni. Mdudu hapumui kwa pua. Hupumua kwa vitundu vidogo vilivyo ubavuni. Maji matupu humteleza, lakini maji ya sabuni huingia katika vitundu hivyo, akafa kwa muda mfupi. Sabuni ya unga ya kufulia yatosha, vijiko viwili vya chakula kwa kila lita, ikorogwe mpaka iyeyuke. Haina moto, haina sumu ya kuua mtoto, na gharama yake ni ndogo kuliko ya petroli.

Tulingoja saa mbili usiku, kwa sababu nyigu wa sega hurudi nyumbani wote jua likizama, na gizani hawaruki vema. Watoto walifungiwa nyumba kubwa, mbuzi wakahamishwa. Shemeji alivaa koti la mvua, suruali mbili, buti za shambani, na soksi mikononi badala ya glavu. Kichwani aliweka kofia ya ukindu, na juu yake chandarua cha kitanda cha mtoto kilichochomekwa kolani. Mkewe alipomwona alikaa chini kwa kucheka. Mimi nilipewa tochi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nimeliandikia makala nzima. Niliwasha tochi nikaielekeza segani. Nyigu, hata wasioruka gizani, huufuata mwanga. Wawili waliushuka kama wanaotelemka kamba, na mmoja akanichoma kwenye kifundo cha mkono kabla sijajua la kufanya. Maumivu yake ni kama sindano ya moto inayosukumwa polepole. Nilizima tochi nikarudi ndani nikiwa nimeuma meno. Bibi, bila kuniuliza chochote, alichana kipande cha khanga nyekundu akaifunga tochi usoni. Sikujua alijifunza wapi, lakini jambo hilo ni kweli: macho ya nyigu na nyuki hayaioni rangi nyekundu kama sisi. Kwa mwanga ule mwekundu hafifu tuliwaona nao hawakutuona.

Kazi yenyewe haikuchukua dakika mbili. Kwa kuwa upenu ni wa chini, shemeji aliinua ndoo ya maji ya sabuni kwa mikono miwili kutoka chini, taratibu, mpaka sega lote likazama ndani. Akaishikilia hivyo huku mimi nikikata kikonyo kwa ncha ya panga. Sega likabaki majini. Tukafunika ndoo kwa ungo wa zamani, tukaiacha nje mpaka asubuhi. Kisha kile kisiki kidogo cha kikonyo kilichobaki kwenye ufito kilikwanguliwa chote na mahali pake pakasuguliwa kwa sabuni, kwani nyigu hupenda kurudi mahali pa zamani. Lingekuwa sega la juu, la kufikiwa kwa ngazi, au kubwa kupita beseni, tungeliacha mpaka apatikane mtu mzoefu. Ngazi, giza na nyigu havipatani, na aangukaye huumia kuliko aumwaye.

AKIUMWA MTU

Mkono wangu ulivimba hadi kwenye kiwiko, ukawasha siku mbili, ukapoa. Kwa watu wengi mambo huishia hapo. Yatosha kuondoka mahali pale bila kupunga mikono, kuosha kwa maji na sabuni, kuweka kitambaa cha maji baridi, kuvua pete na bangili kabla uvimbe haujafika, na kumeza kidonge cha kutuliza maumivu. Kama ni nyuki, mwiba utolewe mara moja, kwa kucha au kwa chochote kilicho karibu, kwani kila sekunde unaendelea kusukuma sumu. Kwa nyigu hakuna mwiba wa kutafuta.

Yapo mambo tunayoyafanya kwa nia njema na yanadhuru. Kuchanja kwa wembe ili damu mbaya itoke hakutoi sumu, huingiza uchafu. Kupaka udongo au kinyesi cha ng'ombe ni kualika pepopunda. Mafuta ya taa huchoma ngozi ya mtoto.

Lakini pana watu, na hakuna awezaye kuwajua kwa sura, ambao miili yao huipokea sumu hiyo kwa ghadhabu. Kwao mchomo mmoja watosha. Dalili huja upesi, kwa kawaida katika dakika chache hadi saa moja: vipele na mwasho mwili mzima hata pasipoumwa, midomo na ulimi kuvimba, sauti kubadilika, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu, kuzimia. Mtu huyo asipelekwe kulala, wala asingojewe aone nafuu. Alazwe chali na miguu iinuliwe, au akae kama pumzi inamsumbua, na afikishwe kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu kwa chombo chochote kinachopatikana. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, ambayo huchomwa msuli wa paja. Vidonge vya mzio husaidia mwasho, havifungui koo. Na aliyepata hali hiyo mara moja asidhani imekwisha. Mara ya pili yaweza kuwa nzito zaidi.

Wengine wa kuhofiwa ni watoto wadogo walioumwa mara nyingi, hata kama hawana mzio. Sumu ya michomo mingi huharibu misuli na figo, na mkojo wa rangi ya chai iliyokolea siku moja au mbili baadaye ni alama mbaya. Kadhalika aliyeumwa ndani ya kinywa. Jambo hili la mwisho ni la kawaida kwetu kuliko tunavyokiri, kwa kuwa nyigu na nyuki hupenda utamu: huzama ndani ya chupa ya soda aliyoiacha mtoto uani, na katika kata ya togwa au pombe ya ndizi. Wazee waliokunywa kwa mrija kutoka kibuyuni walikuwa na hekima zaidi ya adabu.

Kuhusu mawe, nilizungumza na watoto wa pale nyumbani. Hawakukana. Kulenga sega ni mchezo wao wa kutoka shule, na mshindi ni atakayegonga na kukimbia bila kuumwa. Tatizo ni kwamba anayeumwa mara nyingi si mrushaji. Ni mdogo wake aliyebaki nyuma, au mama apitaye na mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni. Dada yangu alipiga marufuku. Mpwa wangu alikubali kwa mdomo, macho yake yakisema mengine. Bibi akampa kazi: kila Jumamosi azunguke nyumba, jiko na choo, atazame pembe zote za mapaa, na akiona kijisega kipya chenye mdudu mmoja au wawili aseme ili kiondolewe kwa ufagio wa mpini mrefu jioni hiyohiyo. Alipoitwa mkaguzi, alisahau mawe.

Niliondoka Ngara mwanzoni mwa Januari. Juzi dada yangu alinipigia simu kuhusu mambo mengine ya ukoo, na mwishoni alinieleza kwamba mkaguzi amekwisha kuona vijisega viwili upenuni, vyote vimefagiliwa. Cha tatu amekikuta chini ya jani la mgomba, nyuma kabisa ya shamba, mahali ambapo hapana njia. Hicho wamekiacha. Bibi amekwenda mwenyewe kwa mkongojo wake, akaufunga mgomba ule kipande kilichobaki cha khanga nyekundu, watu wajue.